Visanduku Vitatu na Mstari

Kabla ya gundi, kabla ya makasi,
Bi Mwanakombo huchukua risiti ya dukani,
huigeuza upande usio na bei,
na kwa penseli fupi kama kidole gumba
huchora kisanduku kimoja kikubwa,
viwili vidogo ubavuni,
na mstari chini, umepinda kidogo.
Basi. Hapo kamaliza.
"Mchoro si picha," huniambia,
"ni mahali pa picha kukaa."

Alikuwa karani wa Posta miaka thelathini na mmoja.
Anajua barua haifiki bila anwani,
na ukurasa, asema, ni barua vilevile:
uandike kwanza pa kwenda.

Mimi nilikuja na boksi la viatu,
ndani yake ukoo mzima umelaliana:
harusi ya shangazi Kupaza, pembe imeliwa na mende,
kadi ya kliniki ya Sechambo,
pindo la kanga ya mama,
tiketi ya treni ya Korogwe,
asumini lililokauka likawa rangi ya chai.
Nilitaka vyote ukurasa mmoja.
Nikabandika hadi usiku wa manane. Asubuhi
ukurasa ulikuwa Soko la Mgandini mkesha wa Idi:
watu tele,
wala humwoni mtu.

Bi Mwanakombo hakucheka.
Aliweka birika jikoni, akabandua kwa mvuke,
polepole, ukucha kwa ukucha,
kama mtu anayefungua bahasha isiyo yake
(na hapo nikamtilia shaka karani wetu).

Kisha risiti. Visanduku vitatu na mstari.
Kikubwa: mama, mlangoni, Barabara ya Kumi na Mbili,
kiganja juu ya tandiko la baiskeli.
Kidogo cha juu: tiketi.
Mstari: uzi wa mkonge, nimeusokota mwenyewe.
Kidogo cha chini:
baba.

Baba hana picha.
Hata moja. Siku tuliyokwenda studio
yeye alibaki nje, akilinda baiskeli.

Siku mbili kile kisanduku kilinitazama.
"Kifute," akasema Bi Mwanakombo,
"mchoro si sheria ya serikali."
Nikashika ufutio.
Nikauweka chini.

Nikakata karatasi, upana wa kiberiti,
nikaazima rangi za maji za mtoto wa jirani:
vidonge kumi na viwili,
bluu na nyekundu zimechimbwa mpaka bati linaonekana,
kahawia haijaguswa.
Brashi nyembamba, nywele zake chache
kama ndevu za mvulana.

Uso ulinishinda.
Nilijaribu mara nne nikapata watu wanne,
na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwetu.
Basi nikachora kama yeye achoravyo:
duara. Duara. Mistari inayokutana katikati.
Usukani. Kengele, nukta tu.
Kisha kahawia, tone moja, maji mengi,
na maji yakakimbia nje ya gurudumu,
yakalala ardhini marefu, membamba,
kivuli cha mtu aliyesimama
hatua moja nje ya karatasi.

Sikukusudia.
Nikapeleka kitambaa nikanyonye, mkono ukakataa.
Nikaacha pakauke.

Leo nimefuta mistari yote ya penseli.
Lakini uinue ukurasa, uuelekeze dirishani,
utaona vijifereji vya visanduku vimebaki,
hata pale chini ya gundi ya muhogo:
karatasi haisahau ilipobonyezwa.

Risiti nimemrudishia mwenyewe.
Akautazama ukurasa kitambo, hakusema kitu.
Akaigeuza risiti upande wa bei,
sukari, sabuni ya mche, viberiti viwili,
akajumlisha kwa midomo, akajumlisha tena,
akasema yule Mpemba wa dukani
amemzidishia shilingi mia mbili.